Baiskeli kandokando ya Mto Ruvu: pa kuanzia ni wapi?

Wakuu, nipo Mbezi Mwisho, nina baiskeli ya gia yenye matairi mapana. Vilima vya Pugu siviwezi tena, magoti. Nataka tambarare: niendeshe taratibu kati ya mashamba, nisimame ninunue tikiti maji, nipige soga na wakulima. Bonde la Ruvu linafaa?

JIBU: Linafaa sana, mkuu. Pakia baiskeli kwenye basi hadi Mlandizi, kisha uliza wenyeji njia za mashambani. Ila subiri masika yaishe. Kuanzia Machi hadi Mei mto hufurika, na ule udongo mweusi wa bondeni ni balaa: unanasa kwenye tairi na breki mpaka gurudumu linagoma kabisa. Ukikauka, raha tupu! Kwenye mchanga punguza upepo kidogo.

JIBU: Kaka, ukingoni usisogee, tafadhali sana. Ruvu ina mamba na viboko, na kiboko hutoka majini kula majani giza likiingia. Saa kumi jioni uwe umeshageuza.

MUULIZAJI: Asante dada, nitatoka alfajiri. Mafundi pancha wapo?

JIBU: Mlandizi wapo. Mashambani beba viraka, solusheni na pampu.