Petroli ya alfajiri

Kikundi: UKOO WETU 🌿

Shangazi Mwajuma
*Imesambazwa mara nyingi*
NDUGU ZANGU SOMENI KABLA HAIJAFUTWA!! Mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye bohari ya mafuta ametoboa siri. 1. Jaza petroli ALFAJIRI tu, ardhi ikiwa baridi mafuta yanakuwa mazito, unapata mengi kwa hela ileile. 2. Mhudumu abonyeze pampu taratibu, akibonyeza sana unanunua mvuke. 3. Tangi lisishuke chini ya nusu, petroli inapotea hewani. 4. Ukikuta lori linashusha mafuta, ondoka. 5. Siku za joto usijaze tangi mpaka juu, gari LITALIPUKA. Tuma kwa watu 10 unaowapenda.

Shangazi Mwajuma
Haya, nimeshawatumia. Mtu asije kulalamika mafuta yanamla hela.

Idi
Shikamoo shangazi. Hiyo uliituma jana kwenye kile kikundi kingine. Leo nimeamka saa 10 usiku kwa ajili yake. Nimekuta sheli imefungwa, nikalala ndani ya gari mpaka wakafungua.

Shangazi Mwajuma
Marahaba mwanangu. Sasa ulipata mengi?

Idi
Nimepata mafua.

Mama Neema
😂😂😂 Na mimi nikadhani mume wangu ameenda kusali.

Idi
Halafu nilivyomwambia mhudumu abonyeze taratibu, foleni nzima nyuma ikaanza kupiga honi. Njiani tena wenye magari wananimulikia mataa kama nimewakosea. Siku ilianza vibaya.

Zuhura
Baba mdogo Seif naona umesoma na umenyamaza. Fundi aseme.

Baba mdogo Seif
Nilikuwa chini ya gari la watu. Ngoja ninawe mikono.

Baba mdogo Seif
Dada, namba 1 ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inawapata hata wenye akili. Petroli ikipata joto inatanuka, ikipoa inasinyaa. Hilo halina ubishi. Lakini tangi la sheli limefukiwa chini ya ardhi. Jua likichomoza, huko chini hakuna anayejua. Mafuta ya saa 11 alfajiri na ya saa 8 mchana yanatoka kwenye shimo lilelile, na joto lake halipishani la kusema.

Zuhura
Nimepiga hesabu. Petroli hutanuka kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Tuwe wakarimu, tuseme huko shimoni joto limepishana nyuzi 2. Kaka Idi umejaza lita 40? Ulichookoa ni mililita 80. Hakijai hata kikombe.

Idi
Na gari lilikuwa linanguruma muda wote niliolala, maana niliwasha kiyoyozi.

Baba mdogo Seif
Basi umetoka na deni. Injini ikikaa inanguruma bila kwenda popote, saa nzima inaweza kula lita 1 mpaka 2, kutegemea ukubwa wake.

Mama Neema
Yaani kaenda kuokoa kikombe, kamwaga ndoo.

Shangazi Mwajuma
Seif, unataka kusema yule mzee wa bohari mwongo?

Baba mdogo Seif
Hapana dada. Kama yupo, anasema kweli, ila ni kweli ya bohari. Kule wanauziana mamilioni ya lita, nyuzi chache ni hela nyingi, ndiyo maana biashara ya jumla kwenye nchi nyingi huhesabu ujazo kana kwamba mafuta yako kwenye nyuzi 15. Kanada hata pampu nyingi za rejareja zinafanya hesabu hiyo zenyewe. Mtu kaichukua kanuni ya meli na matangi makubwa akaja kuibandika kwenye gari la Idi.

Zuhura
Na ile ya kubonyeza taratibu?

Baba mdogo Seif
Hiyo hapana. Mita inapima mafuta yanayopita kama maji, haiuzi mvuke. Ukienda taratibu unapoteza muda wako na wa walio nyuma.

Ya nusu tangi ilikuwa na maana zamani, magari yakipumulia nje. Haya ya leo tangi limezibwa, mvuke unaingia kwenye kopo lenye mkaa, mkaa unaushika, ukiwasha injini inaunyonya na kuuchoma. Marekani waliwalazimisha watengenezaji kuzuia huo mvuke tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tatizo la kutembea na tone ni jingine: pampu ya mafuta iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli hiyohiyo. Ukiizoesha kukaa kavu itakufa mapema, na bei yake utaijua siku hiyo.

Shangazi Mwajuma
Kwa hiyo kutolishusha tangi sana ni sawa. Nilisema.

Baba mdogo Seif
Sawa kwa pampu, dada. Si kwa mvuke.

Shangazi Mwajuma
Sawa ni sawa. Na lori?

Baba mdogo Seif
Pampu zina chujio, uchafu unaotibuka lori likishusha hauingii hivihivi. Lakini hapo sikukatalii, mimi mwenyewe nikikuta lori linashusha huwa napita. Si hesabu, ni tabia tu ya fundi aliyewahi kutoa maji kwenye matangi ya watu.

Shangazi Mwajuma
Mbili!! Zuhura andika, shangazi ana mbili.

Zuhura
Nimeandika 😄 Na gari kulipuka?

Baba mdogo Seif
Jua haliwashi petroli. Bila cheche, inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ndipo ijiwashe. Na tangi limeachiwa nafasi ya mafuta kutanukia. Ila dada hapo karibu upate na ya tatu: pampu ikikata yenyewe, acha. Pale mdomoni mwa pampu kuna kitundu kidogo, mafuta yakipanda yakakiziba, pampu inajifunga. Ukiendelea kusukumia, petroli inaweza kupanda mpaka kwenye lile kopo la mkaa, mkaa ukilowa kazi yake imekwisha, na ya kumwagika chini umeilipia.

Idi
Mimi huwa namwambia aongeze mpaka hela ikae namba nzima. Sipendi chenji.

Baba mdogo Seif
Najua. Taa ya injini kwenye dashibodi yako iliwaka mwaka jana, unakumbuka tulihangaika siku ngapi?

Babu
🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Mama Neema
Shikamoo babu. Jamani mwenye bando asikilize atueleze.

Zuhura
Shikamoo babu. Anasema dakika ya kwanza anatafuta miwani. Kisha: enzi zake akifika mteremkoni alikuwa anatia frii, anazima gari kabisa, linashuka lenyewe mpaka chini, ndipo anawasha. Anasema hatukujua kuokoa mafuta sisi, tunajua kutuma ujumbe.

Idi
Mimi pia natia frii. Nilijifunza kwa babu.

Baba mdogo Seif
Shikamoo baba. Gari lako lilikuwa la kabureta, lile lilikuwa linakunywa hata likiwa linashuka, kwa hiyo mafuta uliokoa kweli. Roho zetu tuliokaa kiti cha nyuma ndizo ulizozicheza bahati nasibu.

Idi wewe soma vizuri. Gari lako lina kompyuta. Ukiwa mteremkoni kwenye gia na umeondoa mguu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, kompyuta inaona, inakata mafuta. Sifuri. Ukitia frii, injini imeachana na magurudumu, inabidi inywe ili isizime. Kwa hiyo unalipia mteremko ambao ungeupata bure. Halafu umepoteza ile nguvu ya injini kulizuia gari, kazi yote umeibebesha breki. Ukizima kabisa ndiyo balaa, usukani unakuwa mgumu na breki inaanza kukataa mguu.

Mama Neema
Ngoja nimsomee kwa sauti hiyo.

Babu
🎤 Ujumbe wa sauti (0:04)

Zuhura
Anasema "hamkufa".

Zuhura
Kaka Idi, lakini wewe gari lako linakula kiasi gani hasa? Umewahi kupima au unasikilizia tu? Unajaza mpaka ikate, unarudisha ile namba ya safari kwenye sifuri, unatembea, unajaza tena mpaka ikate. Lita gawa kwa kilomita, zidisha kwa 100.

Idi
Nimepima, mimi si wa mchezo. Kilomita 300, lita 36.

Zuhura
Lita 12 kwa kilomita 100.

Baba mdogo Seif
Gari hilohilo uliponunua nililipima mwenyewe, halikufika 9. Hebu toka nje ukaangalie upepo, kabla hujaliwasha, matairi yakiwa ya baridi. Namba yako imeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usisome ile ya kwenye tairi, ile ni kikomo cha tairi lenyewe.

Idi
Mlango unasema 33. Geji inasema 24, 25, 21, 24.

Baba mdogo Seif
Kila namba moja inayopungua matairi yote manne inakula kama asilimia 0.2. Yaani hapo umeshachoma asilimia 2 hivi, na matairi yanajimaliza pembeni. Endelea. Lile keria la juu uliloweka siku ya kuhama?

Idi
Lipo.

Baba mdogo Seif
Limebeba nini?

Idi
Upepo.

Baba mdogo Seif
Litoe.

Mama Neema
Muulizeni na mwendo. Huyu akiona taa ya kijani mbele anakanyaga mafuta kama anafukuzwa, akifika ni nyekundu, anakanyaga breki tunabaki tumeshikilia viti.

Baba mdogo Seif
Hapo ndipo hela zilipo, mkwe. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kuendesha kwa pupa hivyo kunaweza kula asilimia 15 mpaka 30 barabara kuu, na 10 mpaka 40 kwenye foleni. Kila breki unayokanyaga ni petroli uliyoshainunua. Na ukivuka kilomita 80 kwa saa, hewa yenyewe inaanza kukudai.

Idi
Mimi nilishaagiza ile sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta.

Zuhura
Ooh kaka 🤦🏾‍♀️ Shirika la mazingira la Marekani limepima vifaa vya namna hiyo zaidi ya 100, vilivyosaidia chochote ni vya kuhesabu vidole.

Idi
Niliagiza mbili.

Mama Neema
MBILI?

Idi
Petroli ya oktani ya juu je? Hiyo angalau?

Baba mdogo Seif
Kitabu cha gari lako kinaidai?

Idi
Hapana.

Baba mdogo Seif
Basi waachie wanaoidai. Oktani ni uwezo wa kutogonga kwenye injini, si nguvu wala utamu. Ila kuna kitu hakijanikaa. Ulisema wenye magari wanakumulikia usiku?

Idi
Kila siku, wiki ya tatu sasa. Na taa zangu sijazigusa.

Baba mdogo Seif
Taa zako zinamulika juu kwa sababu gari limekalia makalio. Buti ina nini?

Baba mdogo Seif
Idi?

Mama Neema
Mwambie, Baba Neema.

Idi
Vitu vidogovidogo tu.

Mama Neema
Mifuko 2 ya saruji.

Zuhura
Kilo 100! Kila kilo 45 ni kama asilimia 1, kwa gari dogo hata zaidi.

Shangazi Mwajuma
Saruji ipi?

Shangazi Mwajuma
Idi. Ile saruji yangu uliyoniambia umeshaifikisha kwa fundi na fundi amekushukuru?

Idi
Shangazi mtandao unasumbua hapa nipo barabarani

Mama Neema
Yuko sebuleni.

Shangazi Mwajuma
Sina neno mwanangu. Kesho alfajiri, saa 11 kamili, ardhi ikiwa bado baridi, uniletee.