Naomba ushauri: tunataka kudai masaa ya uhakika kazini

Habari zenu wakuu, hasa mlioko Uingereza. Nipo Leicester nahudumia wazee majumbani, mkataba wetu hauna masaa ya uhakika, wiki hii unapangiwa masaa 40 ijayo 6, na meseji ya kufutiwa shifti inaingia alfajiri ushavaa yunifomu uko kituoni unasubiri basi, na kodi ya nyumba iko palepale. New Zealand walipiga marufuku mikataba ya hivi 2016 kwa hiyo inawezekana kabisa. Tunataka tuungane ila wenzangu wanaogopa, maana ukilalamika hufukuzwi, unaacha tu kupangiwa shifti. Sasa tujiunge kwanza na chama cha wafanyakazi kimyakimya au tuandike barua tusaini wote? Mliowahi kufanya hivi, wale wenye hofu mliwashawishi vipi?