Vidung'ata kwenye sakulenti: mbona wengine wanakimbia?

Mama Vikopo (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, nitaeleza kirefu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nipo Makorora. Tangu niache kazi nimejaza uani mimea ya majani manene, hizi mnazoziita sakulenti. Nina vikopo 34: vya rangi, vya maziwa ya unga, sufuria lililotoboka, hata beseni ambalo mjukuu wangu alikuwa akiogea. Shubiri ndizo nyingi, kisha kalanko, kisha ile inayojipanga kama waridi la kijani. Hiyo waridi niliinunua Dar kando ya barabara kwa shilingi 7,000 baada ya kubishana bei mpaka muuzaji akaniita bibi. Ndiyo iliyoniletea balaa.

Baada ya wiki mbili hivi niliona kitu kama pamba kwenye makwapa ya majani. Nikadhani ni vumbi. Nilipogusa kwa njiti ya kiberiti ikapasuka, ikatoa majimaji ya manjano. Vidung'ata, wale wadudu wanaofyonza utomvu wa mimea! Kufumba na kufumbua wamehamia kwenye kalanko. Nikafanya nilivyofundishwa wodini: pamba, spiriti, nafuta mmoja mmoja kila asubuhi baada ya chai, miwani puani.

Sasa swali langu. Katikati yao kuna wengine wakubwa zaidi, nywele zao nyeupe zimening'inia ovyo kama kondoo aliyenyeshewa. Kidung'ata ninayemjua mimi ni mvivu, ukimgusa anakaa tu. Hawa wanakimbia. Juzi mmoja alivuka majani matatu wakati bado nafungua chupa ya spiriti. Ni aina gani hiyo? Wana madhara zaidi? Nimeshaua kama 15.

La pili ni dogo. Kuna mjusi mwembamba, kichwa njano, mwili wa buluu-kijivu, anashinda mchana kutwa juu ya vikopo. Jirani yangu ananiambia nimuue, kwamba mjusi kafiri ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim. Nimeahirisha mara mbili. Nifanyeje?

Kijana wa Mikanjuni

Shikamoo mama. Puliza dawa ya mbu, mchezo umeisha.

Mama Vikopo

Marahaba mwanangu. Mwaka jana nilipuliza kwenye mchicha. Wadudu walibaki, mchicha ukaungua. Sirudii.

Bwana Shamba Mstaafu (Muheza)

Dada yangu, weka hiyo spiriti chini kwanza.

Wale wanaokimbia si vidung'ata. Kwa unavyowaeleza ni watoto wa mdudu kobe, yule wa mgongo wa duara unayemwona kwenye kunde, ingawa si wote wenye rangi nyekundu na madoa. Ziko aina ambazo mabuu yake hujivika nta nyeupe, yakafanana na vidung'ata kabisa. Na kazi yao ni kula vidung'ata hao hao. Kwa hiyo wale 15, pole sana, umewaua askari wako mwenyewe. Usijilaumu, na mimi nilifanya hivyo kwenye michungwa mwaka wangu wa kwanza kazini, tena mbele ya wakulima, nikiwaeleza kwa sauti ya juu.

Namna ya kuwatofautisha: kidung'ata ana mwili wa yai bapa, na nta yake ni vijinywele vifupi vilivyojipanga pembezoni kama pindo la kanga lililotatuka nyuzi. Buu la kobe lina nta ndefu iliyokaa shaghalabaghala, na ukilipindua utaona miguu sita iliyo imara. Likikomaa linaweza kupita sentimita 1. Kidung'ata jike hafiki nusu ya hapo.

Hiyo nta si urembo. Vidung'ata hunya majimaji matamu, sisimizi wanayapenda, kwa hiyo sisimizi huwalinda kama mtu anavyolinda ng'ombe wa maziwa. Kobe mkubwa akija anafukuzwa. Buu lake limevaa kama ng'ombe, linapita katikati ya wachungaji na kula ng'ombe bila kuulizwa. Chunguza vikopo vyako, nina hakika kuna msafara wa sisimizi.

Ujanja wa kutumia mdudu kumla mdudu watu waliugundua zamani. Mwaka 1891 kobe wa namna hii alitolewa Australia akapelekwa California kuokoa michungwa, na mpaka leo anafugwa na kuuzwa. Kwetu Afrika kidung'ata wa muhogo, aliyetokea Amerika Kusini, alizimwa na nyigu mdogo kuliko sisimizi aliyetolewa Paraguay mwaka 1981. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kama huniamini, mtie mmoja kwenye chupa ya jemu, funika kwa kipande cha chandarua, mpe vidung'ata sita, kalale.

Zuwena wa Likoni

Dada, mimi niongeze la sisimizi na la udongo, maana huko ndiko nilikoumia.

Sisimizi usiwapulizie chochote. Weka vikopo juu ya tofali, tofali ndani ya sinia lenye maji. Hawaogelei. Hakikisha tu hakuna jani linalogusa ukuta, maana jani moja likigusa ni daraja. Mie ilinichukua wiki nzima kugundua wanapita kwenye kamba ya kuanikia nguo.

La pili, masika. Hii mimea hufungua matundu ya majani usiku na kuyafunga mchana, ndiyo maana jua la saa saba haliikaushi. Lakini maji yakituama kwenye mizizi haina ujanja, inaoza kuanzia chini na wewe unaona juu bado ni mbichi. Mwaka juzi nilipoteza kalanko tisa kwa mvua ya Mei, zote zilikuwa kwenye vikopo visivyotobolewa. Toboa. Changanya mchanga wa mtoni na vipande vya tofali lililovunjika, nusu kwa nusu na udongo. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi.

Na ukikata jani la kupanda, liache kivulini siku nne au tano mpaka kidonda kikauke, ndipo ulilaze juu ya udongo. Shubiri jani lake halioti, tumia machipukizi ya pembeni.

Usikate maua ya shubiri, tafadhali. Yangu yakichanua, ndege chozi wanakuja kabla ya saa moja asubuhi. Dume anang'aa kama bati jipya, ananing'inia kichwa chini, anachovya mdomo ua moja baada ya jingine kutoka chini kwenda juu. Nimeacha kufagia uani saa hizo kwa ajili yake.

Mama Vikopo

Siku tano bila maji wala udongo, halikauki likafa?

Bwana Shamba Mstaafu (Muheza)

Mtu wa Tanga unauliza hivyo! Mkonge nao una jani nene la kuhifadhi maji. Vipando 1,000 viliagizwa Florida mwaka 1893, vikapita Ujerumani, vikafika Pangani. Vilivyosalimika ni 62 tu, na mashamba ya mkonge yalianzia hapo. Siku tano kivulini ni mapumziko.

Mpita Njia wa Bagamoyo

Kuhusu mjusi. Mwambie jirani kwa heshima kwamba anamsingizia. Mjusi kafiri anayemfahamu ni yule wa ukutani, wa rangi ya uji, anayetoka usiku kwenye taa. Huyu wa kichwa njano ni wa mchana, wa pwani yetu, na mwenye njano iliyokolea ni dume. Na sisimizi anawala. Yaani anakufanyia kazi ya sinia la Zuwena bila maji.

Mwangalie vizuri mkia akigeuka. Chini ya ncha kuna vibandiko kama vile vya vidoleni, anashikia navyo. Mara ya kwanza nilipomwona amejishika kwa mkia juu ya jani la mgomba, nilimwita mke wangu, naye akaja na mwiko mkononi akidhani ni nyoka.

Mama Vikopo

Nimerudi, zimepita siku 19.

Nilimtia mmoja kwenye chupa saa kumi na mbili jioni na vidung'ata sita, nikawahesabu mara mbili. Nilipoamka alfajiri kuswali nikawasha tochi: wamebaki wawili. Wa tatu alikuwa bado mdomoni. Amemkumbatia kwa miguu ya mbele, anamfyonza, na yule anasinyaa taratibu kama dripu inayokwisha. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31 na sikuweza kuangalia pembeni. Chai ikapoa.

Siku ya tano akajibanza chini ya kifuniko, akatulia. Nikasema nimemuua wa kumi na sita. Nikamwacha hapo hapo kwa sababu nilikuwa natafuta chupa nyingine. Jana nafungua, anatembea mdudu mdogo kama punje ya mtama, mweusi, kichwa na mkia rangi ya chungwa. Nimemwachia juu ya kalanko, akapanda hadi ncha ya jani, akafungua mgongo, akaruka.

Sisimizi walikuwapo, tena wengi, njia yao ilikuwa nyuma ya ndoo. Sinia limewakata. Spiriti nimerudisha kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Waridi limepoteza majani manne ya chini ila kati kumeanza kuchipua safi. Mjusi yupo, na nimeshauona mkia.

Sasa Bwana Shamba, nina tatizo jipya. Vidung'ata wamekwisha karibu wote, na nimehesabu mabuu 11 yanazurura kwenye kalanko yana njaa. Niwatafutie wapi chakula?

Bwana Shamba Mstaafu (Muheza)

Tazama mipapai ya mtaani kwako, chini ya majani. Ukiona weupe, umepata hoteli.

Mama Vikopo

Mtaa huu mpapai upo mmoja tu, na ni wa yule jirani wa moto wa Nabii Ibrahim. Ngoja nivae kanga nikapige hodi.