Naigiza tamthilia, nimepewa epizodi mbili niongoze. Nijiandae vipi?

Sini_ya_Tisa (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naigiza kwenye tamthilia ya kila siku. Prodyuza kanipa epizodi mbili niongoze: skripti kurasa 24 kila moja, siku tano za kushuti zote mbili, na mhusika wangu yumo. Maandalizi wiki tatu. Sijasomea uongozaji. Nianzie wapi, na waigizaji wakihamia huku huwa wanakwama wapi?

Kloketi
Anzia chumba cha kuhariri, seti utaikuta tu. Mwombe mhariri akuoneshe picha ghafi za sini (onyesho moja la skripti) iliyomsumbua, uone kilichokosekana. Mara nyingi ni uso wa anayesikiliza. Mwigizaji anajua anayesema, anasahau kwamba mhariri anahitaji mahali pa kukimbilia teki (rudio moja la kushuti) ikiharibika. La pili ni "kata" ya mapema: hesabu tatu kimoyomoyo baada ya neno la mwisho ndipo useme.

Jonathan Frakes, aliyeigiza Riker kwenye Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, alipita njia hiyohiyo ya kukaa na wahariri kabla ya kukabidhiwa epizodi ya "The Offspring" iliyotoka 1990. Mwaka 1996 akaongoza filamu ya sinema, Star Trek: First Contact. Na itazame hiyo epizodi kwa jicho la ratiba: Riker anaonekana kidogo sana. Mwombe prodyuza wako hilohilo, mwandishi ampeleke mhusika wako safari. Ukibaki na sini mbili za kuigiza, kichwa chako kinabaki kwenye monita.

Dada_Kontinuti
Kloketi kasema vizuri, ila hesabu ndiyo itakayomuua. Kurasa 48 kwa siku tano ni karibu kurasa 10 kwa siku. Kwa saa 10 za kazi, una saa moja kwa ukurasa, na kugeuza taa upande wa pili kunakula dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo sini ya watu wawili ina mikao mitatu tu ya kamera: pana, klozapu (uso kwa karibu) ya huyu, klozapu ya yule. Maliza kila kinachotazama ukuta mmoja, ndipo mgeuze. Shoti ya nne iwe na sababu.

Kwenye skripti chora mstari wima kwa kila shoti, uone maneno gani yamefunikwa na yapi hayana picha. Na andika vitendo: kikombe kilinyanyuliwa kwenye neno gani, kwa mkono upi, chai ilikuwa nusu au robo. Kwenye shoti pana mkono wa kulia, kwenye klozapu wa kushoto, basi huwezi kuziunganisha.

Bumu_Juu
Mnasahau sauti kama kawaida. Zima feni na friji. Lokesheni ikiwa karibu na msikiti, jua nyakati za adhana kabla ya kupanga sini ndefu. Kwenye klozapu waigizaji wasidandiane maneno, hata kama sini ni ya ugomvi. Rekodi sekunde 30 za ukimya wa kila chumba kabla taa hazijazimwa, mhariri azibie mapengo ya sauti.

Kloketi
Kingine, ugonjwa wa kumwigizia mwenzako sentensi yake. Usifanye. Atakuiga wewe, na itaonekana. Usimwambie "ongeza huzuni" pia. Mpe kitendo: "mbembeleze", "mfiche", "mfukuze bila kumtazama". Umwambie pembeni, kwa sauti ya chini, jambo moja kwa teki. Kelele za kukimbiza muda mwachie mwongozaji msaidizi.

Na mkataba wa kuongoza uwe mbali na wa kuigiza. Uandikwe malipo, jina lako linakaa wapi, na nani ana neno la mwisho kwenye uhariri.

Sini_ya_Tisa
Shukrani sana wakuu. Kuna sini ya chakula cha usiku, watu sita mezani, mhusika wangu yumo na haiwezekani kumtoa. Nani anamtazama nani inanichanganya.

Dada_Kontinuti
Chora meza kwenye karatasi. Tafuta wawili wenye ugomvi, vuta mstari kati yao, kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka bila kutuonesha, wataonekana wote wanatazama upande mmoja. Ikibidi kuvuka, mtu asimame atembee na kamera imfuate. Wengine wanne wape shoti za wawiliwawili, klozapu sita ni anasa.

Wewe kaa mwisho wa meza. Wakati wa kupanga taa na mazoezi, mtu wa urefu wako akae kwenye kiti chako ili wewe uwe kwenye monita. Kubaliana na msaidizi mapema nani anasema "kata" na nani anahukumu teki zako. Rudia kutazama ile aliyoitilia alama tu; ukitazama kila teki, saa moja inakuwa mbili. Klozapu yako iwe ya mwisho upande huo.

Chakula kipikwe cha kujaza sahani upya mara kadhaa, na wale tonge ndogo, maana kila teki wataanza tena. Shoti ya sahani zilizojaa ipigwe kwanza, hakuna aliyegusa kitu.