Marumaru za zamani kwenye fleti: nizing'oe au nipige mpya juu yake?

Mwenye fleti:
Habari zenu wakuu. Tumenunua fleti ya ghorofa ya tatu, jengo ni la zamani. Sakafu nzima ni marumaru za kahawia, za miraba midogo. Sebuleni zimefifia tu. Jikoni karibu na sinki kuna ufa ulionyooka, umepita kwenye marumaru tatu kwa mstari mmoja. Bafuni grauti, ile ya kujaza mianya kati ya marumaru, imekuwa nyeusi, nasugua haitoki. Fundi wa kwanza kasema tupige mpya juu ya hizo hizo, kazi itaisha upesi. Wa pili kasema bila kung'oa yeye hagusi. Hakuna aliyeinama hata kuzishika. Hapa ndipo tutakapoishi na watoto, sitaki kuja kuanza upya. Nimsikilize nani?

Fundi sakafu:
Hongera kwa nyumba, dada. Kazi yangu ni sakafu, na swali lako hajibu mtu aliyesimama. Piga magoti, shika bisibisi kwa upande wa chuma, mpini wake ndio ugongee. Gonga kila marumaru katikati na kwenye pembe zote nne. Iliyoshika hutoa sauti fupi, kavu. Iliyoachia hulia kama debe tupu. Kila inayolia itie alama ya chaki, ukimaliza simama uangalie chaki imekaaje: imejikusanya sehemu moja au imetapakaa chumba kizima. Chaki hiyo ndiyo itakayoamua, si mimi wala wale wawili.

Sababu ni hii. Marumaru mpya ukiibandika juu ya kuukuu, imeshika ile kuukuu tu, zege haijaligusa. Ya chini ikiachia, ya juu inaondoka nayo, hata gundi iwe bora namna gani.

Za sebuleni zikiwa zimeshika, kufunika ni kazi halali kabisa, ila isifanywe kwa haraka. Uso unaong'aa hauipi gundi pa kung'ang'ania. Osha kwa sabuni ya kukata mafuta, suuza, pitisha grainda mpaka mng'ao ufe, kisha paka praima yenye chembe za mchanga, yaani mpako wa kwanza wa kushikisha gundi. Kwenye mfuko wa gundi tafuta maandishi C2, yaani gundi ya saruji iliyoboreshwa ishike zaidi. Ukikuta na S1 ni vizuri zaidi, hiyo ni gundi inayonyumbuka kidogo sakafu inapocheza.

Usisahau uzito. Marumaru ya unene wa milimita 10 pamoja na gundi yake ni kama kilo 25 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita za mraba 12 unakitwisha kilo 300 hivi. Zege zima kwa kawaida linabeba. Sakafu ya mbao, au slabu yenye nyufa, aione mhandisi kwanza. Sakafu nayo itapanda kama milimita 15, kwa hiyo pima nafasi iliyo chini ya kila mlango kabla hujanunua chochote.

Ufa wa jikoni unaovuka marumaru tatu kwa mstari mmoja haukuanzia juu, umetoka chini. Ukiufunika utapanda tena. Ng'oa hapo tuone.

Bafuni sina mjadala: ng'oa zote. Kizuizi cha maji kilicho chini, kama kiliwahi kuwepo, kina umri ule ule wa marumaru, na wa kwanza kujua kimechoka ni jirani wa chini, dari yake ikianza kulowa. Ukishafika kwenye zege paka kizuizi kipya, kipandishe ukutani, na mteremko wa kuelekea tundu la maji uwe sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita.

Mkaaji wa ghorofa ya nne:
Fundi kamaliza, mimi naongeza la kifusi, maana watu hulifikiria wakati mifuko tayari imeziba korido. Majengo ya zamani marumaru mara nyingi zimelazwa juu ya saruji nene. Ikiwa ni sentimita 3, hiyo peke yake ni kama kilo 60 kwa mita ya mraba. Ongeza marumaru zenyewe, chumba cha mita za mraba 12 kinakaribia tani nzima. Jaza mifuko nusu nusu, la sivyo hainyanyuki. Waarifu majirani kuhusu kelele. Vumbi la saruji lina silika, linaharibu mapafu: vaa barakoa ya FFP3, ile inayochuja vumbi laini kabisa, nyunyiza maji kidogo umeme wa chumba hicho ukiwa umezimwa, na watoto wasiwepo.

Mwenye fleti:
Asanteni sana. Nimegonga. Sebuleni zinalia tano tu, zote kando ya dirisha. Jikoni chaki imejaa. Lakini stoo, chini ya zulia, nimekuta vigae vya plastiki vyembamba, inchi 9 kwa 9, na gundi nyeusi. Halafu mlango wa kuingilia ni wa chuma, chini yake nina milimita 8 tu.

Fundi sakafu:
Stoo usiguse! Vigae vya kipimo hicho kwenye majengo ya zamani mara nyingi vina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu ukizivuta, hata ile gundi nyeusi. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku asbesto zote mwaka 1999 tu, kwa hiyo majumba mengi bado yanazo. Usivunje, usipige msasa, usifagie vipande. Maabara ipime kwanza. Kama ni vizima na vimeshika, kuvifunika bila kuvikwaruza ndiko salama zaidi.

Jikoni ng'oa zote. Sebuleni toa hizo tano, jaza saruji mpaka usawa wa zingine. Kwa mlango huo marumaru mpya haipiti, weka vinaili ya kubana ya milimita 5, yaani mbao za plastiki zinazoshikana zenyewe bila gundi. Mifereji ya grauti ijazwe kwanza, la sivyo itajichora juu. Laza rula ya mita 2 kila upande, bonde lisizidi milimita 3. Pembeni mwa kuta acha milimita 8 hadi 10 wazi, ukanda wa ukutani utafunika. Na kabla ya kujaza pale dirishani angalia kama kuna unyevu, maana marumaru kuachia upande mmoja tu, sehemu ya mvua, kuna kinachoingia. Rekebisha dirisha kwanza.