Marehemu baba ametuachia bastola, na dalali anasema kiwanda kimeacha kuwauzia raia: tufanye nini?

Mtoto wa Mwaloni (Kirumba, Mwanza)

Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za leo.

Marehemu baba yetu alinunua sangara na dagaa kwa miaka mingi katika visiwa vya Kome na Ukara na kuwaleta Mwanza, na kwa kuwa alisafiri na fedha taslimu ndani ya boti, alipewa leseni ya kumiliki bastola. Tumeanua tanga wiki mbili zilizopita. Tulipofungua sanduku lake la bati tuliikuta imeviringishwa katika kipande cha kitenge cha mama, pamoja na kitabu cha leseni na risasi 14. Ni rivolva fupi inayochukua risasi sita, na ubavuni imechorwa farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ameuma kipande cha mkuki. Mtutuni pameandikwa Colt.

Kaka yetu mkubwa, ambaye yuko Geita, amekutana na dalali aliyemweleza kwamba Colt ilitangaza kuacha kutengeneza silaha za raia ili ihudumie majeshi na polisi peke yake, na kwa hiyo tuliyo nayo ni mali adimu ambayo bei yake itapanda kila mwaka. Dalali yuko tayari kulipa wiki hii, kwa sharti kwamba mambo yaishie "kifamilia" na polisi wasisumbuliwe. Mdogo wetu naye anataka tuifiche hadi bei ipande zaidi. Mama anasema hawezi kulala nayo nyumba moja, na tangu Jumapili analala kwa shangazi huko Igoma.

Kikao cha ukoo kimenipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi, na shauri bado liko Mahakama ya Mwanzo. Naomba mnisaidie: habari ya kiwanda hicho ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, je, inabadilisha chochote kwetu?

Karani Mstaafu

Pole kwa msiba, mwanangu. Nianze na swali la pili, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukupeleka gereza la Butimba. Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu, na mtu huyo akifariki haihamii kwa mwanawe kama inavyohamia nyumba au boti. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayebaki na silaha bila leseni yake mwenyewe anatenda kosa, hata kama silaha hiyo aliikuta kwenye sanduku la baba yake mzazi. Huyo dalali anayesema polisi wasisumbuliwe anajua vizuri anachokikwepa. Mwambie kaka yako asiendelee kuzungumza naye, na kama wanaandikiana ujumbe kwenye simu, ajue kwamba ujumbe huo ni ushahidi.

Msomaji wa Nyegezi

Mkuu, nami nikupe pole. Nitalijibu swali la kiwanda kwa urefu kidogo, kwa sababu dalali amechukua habari ya kweli akaikata mkia.

Ni kweli kwamba mwezi Septemba 2019 kampuni ya Colt, yenye makao yake West Hartford katika jimbo la Connecticut, Marekani, ilitangaza kusimamisha utengenezaji wa bunduki zake za AR-15 kwa ajili ya soko la raia. Mkurugenzi wake wa wakati huo, Dennis Veilleux, alieleza kwamba soko hilo lilikuwa na watengenezaji kupita kiasi, huku mikataba ya jeshi na polisi ikimaliza uwezo wote wa kiwanda upande wa bunduki. Hataza ya AR-15, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza, ilikwisha tangu miaka ya 1970, kwa hiyo kampuni nyingi zilikuwa zikitengeneza bunduki ya namna ileile na kuiuza kwa bei ya chini. Colt yenyewe ilikuwa imetoka kwenye shida kubwa: mwaka 2013 mkataba wa jeshi wa bunduki za M4 ulikwenda kwa kampuni ya FN, na mwaka 2015 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kampuni iliyopita huko haiwezi kuacha oda ya serikali ili igombanie wateja wa rejareja.

Sisi wa Mwanza hatuhitaji mwalimu wa uchumi kutueleza jambo hili. Kiwanda cha samaki kikipata oda ya minofu ya kupeleka Ulaya, sangara mzuri hutamuona sokoni, na mtaani tunabaki kugombania mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Oda ikilegea, samaki wanarudi sokoni, na hakuna anayekwenda kuhifadhi mapanki ndani ya sanduku akingoja yawe adimu.

Sasa upande ambao dalali hakuusema. Tangazo lile lilihusu bunduki ndefu, halikuhusu bastola. Kampuni ilisema wazi kwamba itaendelea kuwatengenezea raia bastola na rivolva, na Januari 2020, miezi minne tu baadaye, ikairudisha sokoni rivolva yake maarufu ya Python. Mwaka huohuo wa 2020 hata bunduki za raia zikaanza kutoka tena. Mwaka 2021 kampuni ilinunuliwa na Wacheki wa Česká zbrojovka, na kundi zima sasa linaitwa Colt CZ Group.

Mtoto wa Mwaloni

Nashukuru sana, nyote wawili. Nimemsomea kaka maelezo haya kwa simu, naye anasema kwamba hata kama tangazo la 2019 halihusu bastola, hii ya baba ni ya zamani na haitengenezwi tena, kwa hiyo uadimu uko palepale. Nimeshindwa kumjibu.

Fundi wa Chuma

Kaka yako ana ukweli kidogo. Colt imewahi kuwapunguzia raia aina za bastola kweli, lakini hiyo ilikuwa mwaka 1999, ilipoacha aina nyingi wakati ambapo miji kadhaa ya Marekani ilikuwa inawashtaki watengenezaji wa silaha. Huko kwao wapo wakusanyaji wanaozilipia vizuri rivolva za kabla ya hapo. Bei hiyo, hata hivyo, ni ya mtu mwenye haki ya kuuza anayekutana na mtu mwenye haki ya kununua. Ninyi kwa sasa hamna haki hiyo, na dalali wenu hana pia, ndiyo maana ana haraka. Kwa mtumiaji wa hapa kwetu, silaha ambayo vipuri vyake ni vya shida ina thamani ndogo, wala haizidi kwa sababu ya farasi aliyechorwa ubavuni.

Tafadhali usiweke hapa picha yake wala namba zake.

Mjane wa Mabatini

Mwanangu, mimi yalinikuta mume wangu alipofariki. Usiibebe kwenye daladala wala bodaboda ukidhani unafanya wema, kwa sababu ukikamatwa njiani utaeleza mpaka uchoke. Iacheni ilipo, fungeni chumba, kisha nenda kituoni mikono mitupu ukiwa na kitabu cha leseni, cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na mwenyekiti wa mtaa akusindikize. Omba askari waje kuichukua. Usisubiri mahakama ikuteue kwanza. Mirathi itachukua muda wake, lakini silaha haingoji. Wakiichukua, dai hati ya makabidhiano yenye aina, namba na idadi ya risasi, na usome kabla ya kutia sahihi, maana mimi niliandikiwa namba yenye tarakimu moja iliyokosewa nikahangaika miezi mitatu.

Karani Mstaafu

Naunga mkono. Niongeze tu kwamba kuisalimisha si lazima iwe mwisho wa habari. Kama kuna mmoja wenu mwenye sababu ya kweli ya kuimiliki, aombe leseni yake mwenyewe, kuanzia serikali ya mtaa na kupanda hadi polisi, huku silaha ikiwa mikononi mwao. Je, risasi hizo 14 zinalingana na kitabu?

Mtoto wa Mwaloni

Hazilingani, mzee. Kitabu kinaonyesha 20. Mdogo wetu alikuwa ameshaanza kuulizia mahali pa kupata sita za kufidia, nikamkataza.

Karani Mstaafu

Umefanya vyema. Kabidhi 14, sema 14.

Mtoto wa Mwaloni (baada ya siku nne)

Nimerudi kuwapa mrejesho. Nilikwenda kituoni na mwenyekiti wa mtaa, na askari wawili wakaja nyumbani siku hiyohiyo. Mmoja aliifungua rivolva, akakuta haina kitu ndani, kisha akapanga risasi juu ya meza na kuzihesabu mara mbili. Alipouliza kuhusu sita zilizopungua, sisi watoto tulinyamaza. Mama ndiye aliyejibu kwamba baba alizipiga hewani usiku mmoja huko Kome, wezi wa injini walipoivamia kambi yao, na kwamba hakuwahi kutuambia kwa sababu siku hiyo aliogopa sana. Askari aliandika maelezo hayo, mama akatia dole gumba.

Hati ninayo, na namba nimeilinganisha na kitabu tarakimu kwa tarakimu. Kaka bado amenuna, na dalali amezima simu. Mama amerudi kutoka Igoma jana jioni na kukifua kile kipande cha kitenge.