Fundi wa DVD hapa Lamu amempanua babu yetu, kisha analaumu televisheni

Ndugu zangu wanajukwaa, assalamu alaykum. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nitaeleza jambo lote kwa vipimo ili asitokee mtu wa kuniambia kwamba macho yangu ndiyo yenye kasoro.

Nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini kanda ya VHS iliyorekodiwa nyumbani kwetu miaka ya 1990, ambayo ndani yake marehemu babu yetu anapiga twari katika maulidi, pamoja na video chache ambazo mpwa wangu alizipiga kwa simu mwaka huu. Nilitaka zote ziwe katika DVD moja kwa sababu bibi hataki simu ya kisasa; ana deki yake na televisheni ya inchi 32, na vyombo hivyo anavimudu mwenyewe. Nililipa shilingi 2,500 taslimu kabla kazi haijaanza.

Tulipoiweka diski, bibi alitazama kwa muda mfupi, akasema, "Huyu si babu yenu," akageuza uso. Alisema kweli. Babu alikuwa mrefu na mwembamba, ilhali aliyekuwa kwenye kioo alikuwa mtu wa mabega mapana, shingo imedidimia, kofia imetanda kama kifuniko cha sufuria. Nikasimamisha picha pale twari lilipoielekea kamera moja kwa moja, nikachukua futi ya fundi cherehani, nikapima: kimo sentimita 18, upana sentimita 24. Twari ni duara. Ukigawanya 24 kwa 18 unapata 1.33, na hicho ndicho kiasi ambacho picha ya uwiano wa 4:3 (upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu, kama televisheni za zamani) hupanuka inapoonyeshwa kana kwamba ni ya 16:9, yaani picha pana ya televisheni za siku hizi.

Nilipomrudia, fundi alinijibu kwamba televisheni za siku hizi ndivyo zilivyo, ninunue nyingine au nizoee. Sikubali. Deki ya bibi imewekwa kwenye 16:9, televisheni haijaongezewa upanuzi wowote, na diski nyingine za zamani zinaonekana sawasawa kwenye vyombo hivyo hivyo. Kosa limo ndani ya diski yake. DVD ya PAL, mmoja wa mifumo ya video ya televisheni, huhifadhi picha kamili kwa pikseli (nukta za picha) 720 za upana kwa 576 za kimo, iwe picha ni ya 4:3 au ya 16:9. Hakuna ukubwa wa pekee uliotengewa picha pana. Pikseli hizo si za mraba, na kinachoiambia deki izitandaze kwa upana gani ni alama iliyoandikwa kwenye diski wakati wa kuitengeneza. Nilifungua faili zake kwenye kompyuta nikakuta kila kitu kimeandikwa 16:9, kanda ya babu ikiwemo. Hakuuliza picha imetoka wapi, wala hakutazama kazi yake hata dakika moja kabla ya kunikabidhi.

Video za simu ndizo mbaya zaidi. Mpwa wangu alizipiga simu ikiwa imesimama, yaani uwiano wa 9:16, na fundi akazivuta mpaka zikajaza kioo chote, hivyo kila kitu kimekuwa kipana zaidi ya mara tatu. Mlingoti wa jahazi umekuwa mnene kama nguzo ya msikiti. Ilitakiwa picha ibaki katikati ikiwa na upana wa pikseli 228 hivi kati ya zile 720, na pembeni pawe peusi. Weusi huo wa pembeni wateja wengine huuona kuwa kasoro, nami najua mafundi huuogopa kwa sababu hiyo, lakini ndio unaolinda umbo la mtu.

Baada ya mabishano marefu alinipa diski ya pili, na hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Safari hii babu hakupanuliwa, amekatwa. Ili picha ya 4:3 ijae kioo cha 16:9 bila kuvutwa, fundi aliondoa mistari 72 ya pikseli juu na 72 chini, kati ya ile 576, yaani robo nzima ya picha. Kofia haipo, na mikono inapoteremka na twari nayo haionekani.

Nataka mambo mawili, na nimemwandikia hivyo hivyo. Kwanza, diski ya kwanza bado ina picha nzima ya kanda, kwa hiyo arekebishe alama ya uwiano iwe 4:3 na aiweke sehemu hiyo katika fungu lake peke yake, kwa kuwa DVD moja inaweza kubeba mafungu yenye uwiano tofauti. Akishindwa, aipunguze picha hiyo iwe na upana wa pikseli 540 ndani ya fremu ya 16:9 na kuacha 90 nyeusi kila upande. Video za simu azianze upya kutoka kwenye faili nilizompa. Pili, anirudishie kanda yenyewe leo, bila kuichezesha tena, maana imekaa miaka mingi katika unyevu wa bahari, utepe umeanza kuota ukungu, na nakala nyingine ya babu akiwa hai hatuna.